Nilikuwa Afisa Usalama wa Viwanda Saba vya Barafu

“Nifungulieni! Jamani nifungulieni, nakufa humu!”

Hiyo ni sauti ya Punhal. Rafiki yangu. Fundi wa mashine za barafu, miaka kumi na sita kwenye kiwanda kile kile.

Alikuwa anapiga mlango wa chuma kwa ngumi, kutokea ndani.

Na ufunguo wa mlango huo? Ulikuwa mfukoni mwa tajiri wake, aliyesimama hatua nne kutoka mlangoni. Leso puani, simu sikioni.

Unajua alikuwa anaongea nini kwenye hiyo simu?

“Mwongezeeni biriani! Mpeni paja la kuku, mpeni na soda ya baridi, mwulizeni habari za watoto wake… mshikilieni huko nusu saa!”

Wadau, mimi ni mzee. Nimefyatua matofali Punjab, nimechimba makaa ya mawe kwenye milima ya Balochistan, nimekata meli mbovu pwani ya Gadani, nimebeba zege Dubai. Nimeona watu wabaya wa kila aina. Lakini mtu anayemwagizia mwenzake paja la kuku huku mfanyakazi wake anakata roho nyuma ya mlango… huyo nilikuwa sijamwona bado.

Nilimwona Juni ile. Saa saba mchana, joto nyuzi hamsini na moja.

“Tajiri! Fungua mlango!”

“Tulia, mzee.”

“Punhal yumo ndani!”

“Najua yumo. Ndiyo maana sifungui.”

Nikamtazama usoni nikidhani jua limempiga. Wapi! Alikuwa mzima kabisa, kanzu yake nyeupe pee, jasho hata halijapita kwenye kola.

“Bomba limepasuka,” akanieleza taratibu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. “Gesi imejaa. Nikifungua sasa itamwagika mpaka barabarani, na mkaguzi yuko njiani. Punhal anajua koki ilipo. Akishaifunga, na mimi nafungua. Kazi ndogo tu.”

Kazi ndogo!

Kwa wale msiovijua viwanda vya barafu: ile baridi inaletwa na amonia inayozunguka kwenye mabomba. Ni gesi yenye harufu ya choo cha stendi kilichofungwa mwezi mzima, ukizidisha mara elfu. Inapenda majimaji. Na mwilini mwako majimaji yako wapi? Machoni. Kooni. Kwapani. Huko ndiko inakokimbilia, na ikifika inaunguza kama mafuta ya kukaangia.

Sasa fundi wa watu anafungiwaje ndani na kitu kama hicho?

Kwa sababu ya uchoyo tu, hakuna kingine.

Mji wetu uko huko kaskazini mwa Sindh, kati ya Jacobabad na Shikarpur. Juni ikifika, barafu inatafutwa kama dawa. Tajiri Mehrab aliona ndugu za wafanyakazi wanapita mlangoni kuomba kipande cha kupeleka kwa mgonjwa, kwa mtoto, kwa mama. Ikamuuma. Akaweka sheria: kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, wabebaji wote nje, fundi anabaki ndani na mashine yake, kufuli kwa nje.

Kama kuku anayeatamia.

Wiki ile nzima Punhal alikuwa anamwambia. Mimi mwenyewe nilisikia.

“Tajiri, joto hili mashine haipumui. Mshale wa presha uko juu, bomba la nyuma limeliwa na kutu. Nipe saa moja tu mchana niizime ipoe.”

“Saa moja? Juni?”

“Saa moja tu, Tajiri.”

“Punhal, wewe ukiwa na harusi ya binti yako, utaizima ngoma ili mpiga ngoma apoe?”

Wapambe wake wakacheka. Eti kachekesha! Mtu akiwa na kiwanda, hata akipiga chafya kuna watu watacheka.

Haya. Sasa mtaniuliza: na wewe Khamiso, ulikuwa unafanya nini pale?

Hapo ndipo penye aibu yangu, na sitaificha.

Mjini kwetu kuna viwanda saba vya barafu. Serikali inataka kila kimoja kiwe na vifaa vya usalama: barakoa mbili za gesi, buti, glovu ndefu, helmeti, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, na bango la maelekezo ukutani.

Matajiri saba wakakaa kikao. Wakanywa chai, wakaumiza vichwa, wakaja na akili moja kubwa ya kipumbavu.

Wakanunua seti moja.

Moja! Viwanda saba!

Mkaguzi alikuwa anakuja mara moja kila kiangazi, anapita kiwanda baada ya kiwanda. Kila anapofika anaonyeshwa vifaa ukutani, halafu analishwa. Wakati anakula hapa, seti inapakiwa pale nyuma, inapitishwa uchochoroni mpaka kiwanda kinachofuata, inapangwa ukutani. Hata misumari ya bango ilikuwa imeshapigwa kila kiwanda, unaning’iniza tu. Wabebaji waliipa jina ile seti: Bibi Harusi. Kwa sababu inakuja imefunikwa shuka jekundu, watu wanaipisha njia, wanaichungulia, halafu hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Na nani alikuwa anambeba Bibi Harusi?

Mimi. Na bajaji yangu ya mizigo.

Tena haikuishia hapo. Sheria ilitaka na afisa usalama. Kuajiri mtu? Thubutu! Wakanivalisha helmeti. Nikishusha mizigo, navaa, nasimama pembeni ya bango na ndevu zangu nyeupe, nakuwa afisa.

“Wewe si nimekuona kule kwa Bachal asubuhi?” mkaguzi aliniuliza mwaka wa kwanza.

“Yule ni pacha wangu, bwana mkaguzi.”

“Na kule kwa Qadir?”

“Yule ni pacha wa pacha wangu.”

Alicheka mpaka tumbo likamtikisika. Akaandika: afisa usalama yupo. Nikachovya dole gumba kwenye wino, nikabonyeza. Mambo yakaisha. Mimi napewa bonge la barafu, napeleka nyumbani nikijiona mjanja wa mji.

Miaka minne, wadau. Viwanda saba. Nilikuwa nachekesha watu.

Sasa turudi mlangoni.

Juni ile mkaguzi alikuwa kiwanda cha tatu, anakula. Cha Mehrab kilikuwa cha nne. Mimi ndiyo kwanza nimefika na Bibi Harusi kwenye bajaji, nazima injini, nasikia ngumi zinaanza kupigwa mlangoni.

“Tajiri, nipe huo ufunguo.”

“Shusha vifaa kwanza. Bango lile palee.”

“Bango?! Mtu anakufa unaniambia bango?”

“Mzee usinipandishie sauti. Wewe si afisa usalama? Haya, fanya kazi yako. Tundika bango.”

Nikamrukia. Kweli nilimrukia, mzee wa miaka sitini na tisa. Nikamkamata mfuko wa kanzu. Wapambe wake wawili wakanitoa kama wanavyotoa paka jikoni, wakanitupa kwenye vumbi.

Ndani, ngumi zikapungua.

Zikawa mbili mbili.

Zikawa moja moja…

“Koki, Punhal! Funga koki!” Tajiri akapaza sauti kwenye upenyo wa mlango, halafu akarudi nyuma haraka, machozi yanamtoka. Harufu tu ilimtoa machozi. Harufu ya upenyo!

Mwenzake alikuwa ameizamia.

“Nyie wapumbavu mnapiga kelele mlangoni, kwani nyumba hii ina mlango mmoja?”

Nikageuka. Alikuwa Bi Sughran, kikongwe wa nyumba ya jirani. Kila siku huja na ndoo kukinga maji ya barafu yanayochuruzika pale nyuma, kwenye mteremko wa mbao ambao mabonge ya barafu huteleza kuingia kwenye mikokoteni.

“Barafu inatokea wapi?” akanifokea. “Inapita ukutani kama jini? Ipo njia! Mzururaji wewe, umezunguka dunia nzima hujui hata barafu inatokea wapi?”

Kweli jamani. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ufunguo.

Nikakimbia nyuma. Mteremko upo, na juu yake kidirisha cha chuma, upana wa bonge la barafu tu. Lakini na chenyewe kimefungwa! Mnyororo na kufuli.

Si nimewaambia? Uchoyo wake ulikuwa hauachi hata tundu la panya.

“Vunja!” Bi Sughran anasema.

“Nivunje kwa kitu gani sasa?”

“Hayo makorokoro yako ya kwenye bajaji hayana hata chuma?”

Nikarudi kwenye bajaji, nikavuta shuka jekundu, nikauchukua mtungi wa kuzimia moto. Mtupu, kwa taarifa yenu. Ulikuwa mtupu tangu siku uliponunuliwa. Lakini mzito! Nikaupiga kwenye kufuli. Mara ya kwanza hola. Ya pili hola. Wabebaji wawili waliokuwa wamelala kivulini wakaja, mmoja akaninyang’anya.

“Lete hapa Ami, wewe utavunjika kabla ya kufuli.”

Pigo la nne, kufuli chini.

Kidirisha kikafunguka, na ile gesi ikatoka… Mama yangu! Sote watatu tulianguka chali. Macho yanawaka, koo limekaba kama nimemeza jivu la moto.

“Punhal!” nikaita. “Punhal, huku nyuma! Kwenye mteremko!”

Kimya.

Nikavaa barakoa. Ile ya Bibi Harusi, inayong’aa, mpya kama jana. Nikaikaza kamba kichwani, nikaingiza kichwa na mabega kwenye kidirisha, nikaanza kutambaa.

Nikavuta pumzi.

Hakuna pumzi.

Nikavuta tena kwa nguvu. Barakoa ikajibana usoni kama mkono wa mtu. Nikadhani ndiyo gesi hiyo, ndiyo kifo chenyewe hiki, na mimi nimo nusu ndani nusu nje kama bonge lililokwama.

Wabebaji wakanivuta miguu. Nikaing’oa barakoa nikaitupa, nikawa nahema kama mbwa wa barabarani.

Bi Sughran akaiokota. Akaigeuza. Akaniangalia kwa dharau ambayo sijawahi kuangaliwa na mwanamke yeyote, na nimeoa mara tatu.

“Plastiki,” akasema.

“Nini?”

“Hapa mbele, mahali pa kuingizia hewa. Kifuniko chake cha plastiki bado kipo.”

Mnatujua sisi watu wa kwetu? Kochi lina miaka tisa, nailoni yake ya dukani haijatolewa. Rimoti ya televisheni imo kwenye mfuko wake. Kitu kipya hakivuliwi, kisije kikazeeka. Na matajiri walikuwa wameniagiza kwa ukali: mzee, plastiki zisitolewe, vifaa vibaki vipya! Nikatii. Miaka minne nilikuwa naifuta vumbi ile barakoa, naipakata kama mtoto, na sikuwahi kuigeuza nikaiangalia mbele yake. Mtu angeivaa kwa kuiamini angekufa nayo usoni, tena imekazwa vizuri.

Nikataka kuing’oa ile plastiki. Nachokonoa kwa kucha, haing’oki. Na ndani kimya.

Nikavua kilemba, Bi Sughran akakimwagia ndoo nzima ya maji ya barafu, nikakizungusha puani na mdomoni mara tatu. Msije mkaiga! Lile ni jambo la mtu aliyekosa la kufanya. Nikachukua ndoano ndefu ya kuvutia mabonge, nikaingia tena, tumbo chini kabisa, maana gesi ile hupanda juu na hewa kidogo hubaki chini.

“Punhal! Fuata sauti yangu! Lala chini, tambaa!”

Nikasikia kikohozi.

“Ami…?”

“Mimi hapa! Huku! Njoo kwenye sauti!”

“Sioni, Ami. Sioni kitu.”

“Usione, sikia! Mimi naongea tu, wewe njoo! Njoo mjinga wewe, njoo nikutukane kwa karibu!”

Nikawa naongea. Sijui niliongea nini, nilitaja majina ya vituo vya treni kutoka Sukkur mpaka Lahore, nikamtukania mashine yake, nikaimba. Kila nikifungua mdomo naungua. Ndoano nimeinyoosha gizani mpaka mkono unataka kung’oka.

Nikahisi imeshikwa.

“Vuteni!”

Wabebaji wakanivuta miguu mimi, mimi nikavuta ndoano, na Punhal akaja juu ya zile mbao zenye maji, anateleza kichwa mbele kama bonge la barafu. Tukadondoka wote wawili kwenye mkokoteni.

Alikuwa hai.

Uso umevimba, mdomo umechubuka. Macho… macho sitayaeleza. Jicho la kulia lilikuwa limeshapata rangi ya maziwa.

Tajiri Mehrab akatokea mbio. Sasa hivi ana huruma!

“Maziwa! Leteni maziwa mumtie machoni! Na samli!”

“Ukimgusa na samli yako nakupasua na hii ndoano,” nikamwambia. “Maji! Maji matupu, mengi!”

Kule Dubai niliwahi kumwona mwenzangu anaingiwa na chokaa machoni, na daktari alituambia jambo moja tu: maji safi, dakika ishirini, bila kuacha, hata akilia. Ndiyo elimu yangu yote ya usalama hiyo. Niliipata bure kwa mateso ya mtu.

Bi Sughran akawatuma wanawake wa mtaani, zikaja ndoo za maji ya bomba kutoka majumbani. Tukamwagia macho, tukamvua nguo zote zilizolowa ile sumu, wanawake wakageukia ukutani. Punhal analia kama mtoto, na mimi namshika kope zikae wazi.

Na hapo ndipo mkaguzi alipofika.

Amekula ameshiba, kijiti kinachokonoa jino. Akashuka kwenye gari, akakunja pua.

“Harufu gani hii?”

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojua kwamba kumbe mimi nilishauzwa miaka minne nyuma, na aliyeniuza ni mimi mwenyewe.

Tajiri Mehrab hata hakusita. Akamshika mkaguzi mkono, uso wa msiba.

“Bwana mkaguzi, yametukuta! Uzembe mkubwa! Na mzembe mwenyewe huyu hapa.”

Akanionyesha mimi.

“Mimi?!”

“Huyu ndiye afisa usalama wangu. Faili hili. Miaka minne, dole lake hili, hili, na hili. Mimi mfanyabiashara, najua nini habari za mabomba? Nilimwamini yeye!”

Akafungua faili, akaweka miwani, akasoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima, kwa raha zake:

“‘Afisa usalama ndiye mwenye wajibu wa kukagua mabomba, milango na vifaa, na ana mamlaka ya kusimamisha kazi mara moja mahali popote alipo na dhamana, akiona hatari.’ Umesikia, bwana mkaguzi? Mamlaka alikuwa nayo! Kwa nini hakusimamisha? Aitiwe polisi!”

Watu wakaanza kunong’ona juu yangu. Mbebaji mmoja akanisogelea, “Ami, kimbia.”

Nimekimbia maisha yangu yote, mwanangu. Nilikimbia mgodini, nikakimbia Gadani, nimekimbia wake wawili. Siku ile miguu ilikataa.

“Tajiri,” nikasema, “soma tena.”

“Nini?”

“Hapo kwenye mamlaka. Soma tena, Bi Sughran hakusikia.”

“Mie sikusikia,” akasema Bi Sughran, ndoo mkononi. “Nina sikio bovu.”

Sikio bovu! Bibi yule anasikia chungu kikipasuka mtaa wa tatu.

Tajiri akasoma tena. Mjinga yule. Kwa sauti kubwa zaidi.

“Vizuri,” nikasema. “Basi nasimamisha kazi.”

“Unasimamisha… hapa? Mashine si imeshakufa!”

“Hapa. Na kwa Bachal. Na kwa Qadir. Na vingine vinne. Dole langu limo kwenye mafaili saba, popote nilipo na dhamana. Vyote vifungwe leo, saa hii, mpaka kila kiwanda kiwe na seti yake na mlango unaofunguka kutokea ndani.”

Tajiri akacheka. Akawageukia wapambe wacheke naye.

“Huyu? Huyu ni mbeba mizigo wa bajaji! Hana uwezo wa kufunga hata…”

“Nyamaza, Mehrab,” mkaguzi akasema.

Kijiti kilikuwa kimemdondoka.

Mkaguzi alikuwa mla rushwa, lakini hesabu aliijua. Kama mimi ni afisa usalama kweli, basi amri yangu ni amri, na yeye lazima aiandike. Kama mimi ni mbeba mizigo tu, basi ripoti zote ishirini na nane za miaka minne ni uongo… na chini ya kila moja, karibu na dole langu, kuna saini yake.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama unasikiliza. Simu za watu ziko juu zinarekodi.

“Mzee,” akaniuliza polepole, “wewe ni nani?”

“Pacha wangu alishakwambia, bwana mkaguzi.”

Akaandika. Punje ya wali bado iko kwenye masharubu. Viwanda vyote saba, kusimamishwa.

Nikawekwa mahabusu siku tatu. Tajiri Mehrab aliwekwa siku moja, akapelekewa feni. Sikulalamika. Dole lilikuwa langu, hakuna aliyenishika mkono kulibonyeza.

Viwanda vilifungwa siku tisa. Siku tisa za Juni bila barafu, mnajua maana yake kwetu? Wauza samaki walinilaani. Wauza maziwa walinilaani. Barafu ya hospitali ilikuja kwa lori kutoka Sukkur. Bi Sughran mwenyewe alikuja dirishani mwa mahabusu, nikadhani ameniletea mkate, kumbe amekuja kunitukana kwa sababu hana maji baridi.

Lakini siku ya kumi, kila mlango ulikuwa na komeo la kusukuma kutokea ndani. Kila kiwanda na barakoa zake, wafanyakazi wamezivaa mmoja mmoja, plastiki zimetupwa jalalani. Pipa la maji safi la kuoshea macho karibu na kila mlango. Na mashine zinazimwa saa saba mpaka saa tisa mchana, zinapoa.

Kumbe iliwezekana! Ndani ya siku tisa! Walikuwa na miaka minne.

Tajiri Mehrab ameajiri fundi mwingine na ameandika ukutani kwa rangi nyekundu, USALAMA KWANZA. Akija mgeni anamwambia hilo lilikuwa wazo lake. Sina la kumsema zaidi, mate yangu nayahitaji kwa joto hili.

Wewe mwenye kiwanda, karakana, ghala, jiko la mkate, unayesoma hapa: joto likianza, usingoje mkaguzi. Mwite mtu anayefanya kazi yenyewe, mwulize ni kitu gani kinamtisha, kisha nyamaza usikilize. Vifaa vyako vivalishe watu leo, uone kama vinapumua. Mtu akikuomba saa moja mashine ipoe, mpe. Na wewe mfanyakazi mwenzangu, ukipewa karatasi uweke dole, uliza kwanza imeandikwa nini. Mimi sikuuliza.

Nimebakiza moja.

Nilipotoka mahabusu nilienda kumwona Punhal nyumbani kwake. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto anaona kivuli cha mtu, haoni ni nani. Amelala kwenye kitanda cha kamba uani, binti yake anampepea.

“Ami,” akaniambia, “mimi nilikuwa nimelala chini karibu na mfereji wa maji, huko nyuma. Pale hewa ilikuwepo kidogo. Ningeweza kungoja pale.”

“Sasa kwa nini ulikwenda mlangoni, kwenye gesi nyingi?”

“Nilisikia bajaji yako. Naijua, inakohoa kama mimi sasa. Nikasema, Khamiso kaja na vifaa, wamemwita aniletee. Nikainuka nikakimbilia mlangoni, ili nisiwacheleweshe.”

Nikapokea pepeo kwa binti yake, nikawa nampepea mimi.

“Mlikuwa mnaniletea mimi, si ndiyo, Ami?”

Nikasema ndiyo.

Akatabasamu, akanitafuta mkono, akaushika.

Sasa najua binti yake humsomea simu kila jioni, na najua hii itamfikia. Binti yangu, msomee baba yako mpaka mwisho, usiruke.

Hapana, Punhal. Vilikuwa vya mkaguzi.